Sharubu za Mkaa

Chumba kimoja, madarasa sita,
na vumbi jekundu hadi ndani ya daftari.
Wa darasa la kwanza hukaa dirishani
ili wakichoka wahesabu ng'ombe wa Don Eligio.
Wa la sita wako nyuma, magoti yamebanwa na meza,
sauti zao zimeanza kukatika kama kuni mbichi.
Vita ni vilevile. Mimi ndiye ninayevimega
kama chipa, mkate wetu wa muhogo na jibini:
kidogo, na laini, kwa asiye na meno.

Kwa wenye mapengo nasema:
Hapo zamani tulipigana na majirani watatu.
Wengi hawakurudi nyumbani.
Wanaitikia, wanachora. Wamechora jua.
Kila mwaka vita vyao vina jua.

Kwa wa la tatu natandaza ramani:
huu mto, hii ngome, hapa ndipo ardhi ilipomegwa.
Nimia anauliza kama mto ulikuwa wa buluu hivi.
Namwambia buluu ni ya kiwandani.

Kwa wa la sita natoa hesabu,
na hesabu zenyewe zinagombana:
kitabu hiki nusu ya watu, kile zaidi ya nusu.
"Aliyebaki kuhesabu alikuwa nani?" auliza Derlis.
Wajane, namjibu. Kisha najisahihisha: sijui.
Ninachojua ni cha nyanya wa nyanya yangu,
aliyelala miaka katika kijiji
ambacho usiku hakikusikika kikohozi cha mwanamume.

Leo ni Agosti kumi na sita, Siku ya Watoto.
Nchi nzima watoto wanapewa maputo
kwa sababu siku kama hii watoto walipewa bunduki.
Nimekuja na mkaa wa jikoni kwangu,
kama mwaka jana, kama mwaka juzi,
niwachore sharubu kwa ajili ya gwaride,
maana husimuliwa kwamba wavulana wale walijichora,
wengine wakajifunga nyasi kidevuni,
ili adui, kwa mbali, aone wanaume.

Wamepanga foleni. Ceferino, miaka sita,
amebeba ufagio begani kwa kuwa bunduki hatuna.
Ufagio umemzidi kichwa kizima.
Unamvuta nyuma, anaketi chini, pu!
Wote wanacheka. Nami nacheka.
"Mwalimu, kwani adui alidanganyika?"

Kicheko kinanikaukia kooni.

Na Wendel, ambaye baba yake analima soya,
ambaye nyumbani wanaombea chakula kwa Kireno,
anauliza polepole, akitazama viatu vyake:
"Adui ni babu zangu?"

Watoto ishirini na watatu. Hakuna anayehesabu ng'ombe.
Mtaala hauna ukurasa wa hapa.
Nasema: Alikaribia, Ceferino.
Alikaribia mpaka akaona kwamba ni nyasi,
kwamba ni mkaa, kwamba ni meno ya utoto.
Aliona. Na hakusimama.
Kisha wakachoma majani ya uwanda, na mama zao walikuwa porini wakitazama.
Wendel hajainua macho.
Nasema tena, na sauti hii si ya mwalimu:
Lakini aliyewapanga foleni, Wendel,
aliyewashika kidevu, akawageuza uso kwenye mwanga,
alikuwa mtu wetu.

Mkaa bado uko mkononi mwangu.
Umenichafua vidole vitatu.

Ña Tomasa ananiokoa: anagonga sufuria,
chokoleti ya moto iko tayari, njooni na vikombe!
Wanakimbia, wakubwa kwa wadogo, gwaride limesahaulika.
Wanarudi na sharubu za kahawia mdomoni,
Ceferino mpaka puani, Nimia pia, Wendel pia.
Nachovya ncha ya aproni kwenye maji
nawafuta mmoja mmoja, kuanzia mdogo.
Kwa Derlis kitambaa kinasita.
Nasugua mara moja. Nasugua tena.
Anarudi nyuma, ameona haya: "Mwalimu, basi."
Hazitoki. Ni zake.